Mlima ulio mita 300 chini ya maji unawezaje kuupinda mkondo wa juu?

*"Mtaalamu, salaam. Mimi na wenzangu tuna boti ndogo, na mara nyingi tunapita juu ya mlima uliozama baharini, kusini mwa ikweta, latitudo ya nyuzi 35 hivi. Kina cha bahari inayouzunguka ni kama mita 2,500, kilele chake kiko mita 300 chini ya maji, na upana wake ni kama kilomita 40. Hakuna kisiwa wala nchi kavu karibu. Mkondo wa pale huelekea mashariki. Kila tukizima injini upande wa kusini wa mlima tunachukuliwa haraka. Upande wa kaskazini boti inazubaa tu. Mwenzangu mmoja anasema mlima hauwezi kuwa sababu, kwa kuwa mikondo ya juu husukumwa na upepo, na upepo haujui kilichoko chini huko. Mwingine anasema mlima ni ukuta, maji hayana budi kuuzunguka. Mimi niliona ramani ya setilaiti inayoonyesha uso wa bahari umeinuka juu ya milima ya namna hii, nikadhani huenda maji yanateremka kutoka kwenye kile kilima. Nani yuko sahihi? Na je, naweza kutumia ramani ya kina kubashiri mkondo? Tunapanga kupiga mbizi kwenye mlima mwingine wa jirani ambao kilele chake kiko mita 25 tu."*

Ndugu yangu, mlichokiona kinaaminika, na kwa vipimo ulivyonipa mlima huo ndio mshukiwa wa kwanza. Unachouliza hasa ni jinsi maji yaliyo juu yanavyopata habari za mwamba ulio mbali chini yao. Wenzako wote wawili wameshika kipande cha jibu. Ila hakuna aliyemtaja mhusika mkuu, naye ni dunia yenyewe inayojizungusha. Nitafika hapo, lakini kwanza niliondoe lile la kilima cha maji, maana ni fupi na watu wengi hulikosea.

Ni kweli kabisa kwamba uso wa bahari huinuka juu ya milima iliyozama. Mwamba ni mzito kuliko maji ambayo yangekuwa mahali pake, kwa hiyo mlima huyavuta maji ya jirani kuelekea kwake. Mlima wenye urefu wa mita 2,000 huinua uso wa bahari kwa takriban mita 2, na mwinuko huo husambaa kwa makumi ya kilomita, ndiyo maana jicho haliuoni hata ukipita juu yake. Setilaiti zinazopima kimo cha bahari kwa rada huuona vizuri. Mwaka 1997 wanasayansi Walter Smith na David Sandwell walichapisha ramani ya sakafu ya bahari karibu zote za dunia iliyojengwa juu ya kanuni hiyo, wakiioanisha na vipimo vya meli. Lakini maji hayateremki kutoka kwenye kilima hicho. Mvutano uleule uliokijenga umebadilisha pia maana ya "chini" mahali pale, hivyo uso uliopinda ndio usawa halisi, na maji yaliyokaa juu ya usawa hayana sababu ya kwenda popote. Kinachoambatana na mkondo ni mwinuko unaozidi usawa huo. Ukiukata mkondo wa Gulf Stream, ule wa Atlantiki ya Kaskazini unaopita pwani ya mashariki ya Marekani, kutoka ukingo hadi ukingo, kwa mfano, upande mmoja uko juu kuliko mwingine kwa karibu mita 1 ndani ya kilomita mia moja hivi, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuambatana na mmoja wa mikondo mikali zaidi duniani.

Sasa nije kwa mwenzako anayesema upepo haujui kilichoko chini. Yuko sahihi kwamba upepo wenyewe hushika tabaka jembamba tu, makumi ya mita hadi kama mita mia. Ila upepo haukomei kusukuma. Huyarundika maji sehemu moja na kuyapunguza sehemu nyingine, na mrundikano huo huongeza shinikizo la maji lililo chini yake, tena hadi mbali sana. Ndiyo maana mikondo mikubwa haiishii pale upepo unapoishia. Gulf Stream huwa na mwendo hata chini ya mita elfu, na ule Mkondo wa Kuizunguka Antaktika unafika hadi sakafuni. Mkondo wa namna hiyo unaigusa sakafu, moja kwa moja au kupitia shinikizo.

Kuna kitu kingine kinachotudanganya hapa. Mita 2,500 zinasikika kama umbali mkubwa kwa sababu tunazifikiria kwa kushuka. Mikondo haitembei hivyo, inatembea kwa ubavu, maelfu ya kilomita. Wastani wa kina cha bahari ni karibu mita 3,700, huku upana wa bahari kuu ukifika kilomita 5,000 hadi 10,000 na zaidi. Kwa uwiano huo bahari ni karatasi moja iliyolala, pana na nyembamba mno, na kovu lolote lililo upande wa chini wa karatasi haliko mbali na upande wa juu.

Na kuzunguka kwa dunia? Mwaka 1923 Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Uingereza, alifanya jaribio ambalo mpaka leo linawashangaza wanafunzi wanaolirudia maabara. Alichukua chombo cha maji kinachozunguka kwa mwendo thabiti, akaweka kizuizi kifupi chini yake, kifupi mno kuliko kina cha maji, kisha akakisogeza polepole huku akitia rangi ili aone mwendo wa maji. Ungetegemea maji ya juu yapite tu juu ya kizuizi kama vile hakipo. Hayakupita. Yalikizunguka kana kwamba kile kizuizi kimeendelea kwenda juu hadi usoni, na maji yaliyokuwa wima juu ya kizuizi yakasafiri pamoja nacho. Joseph Proudman alikuwa ameshaonyesha kwa hesabu, mwaka 1916, kwamba maji yanayozunguka haraka huku yakitembea polepole lazima yafanye hivyo. Kwa hiyo jambo hilo likabeba majina yao wote wawili, na maji yale yaliyosimama juu ya kizuizi huitwa nguzo ya Taylor.

Sababu yake inaeleweka bila milinganyo. Chukua nguzo ya maji iliyosimama wima kutoka sakafuni hadi usoni, ikiwa inaelekea mlimani. Ikianza kupanda mteremko, kina chake kinapungua, na kwa kuwa maji hayabanwi kirahisi, nguzo inayofupishwa lazima ipanuke kwa pembeni. Maji yake yanatoka katikati kwenda nje pande zote. Lakini kwenye dunia inayozunguka kila kinachotembea hupindishwa, kulia kaskazini mwa ikweta na kushoto kusini mwake. Ndiyo kani ya Coriolis. Maji yanayotoka nje pande zote huku yakipindishwa kushoto yanaishia kuzunguka kinyume cha mishale ya saa. Kaskazini mwa ikweta yangezunguka kufuata mishale ya saa. Kinyume chake, nguzo inayoingia penye kina zaidi hurefuka, hujikusanya, na kupata mzunguko wa upande wa pili. Kila badiliko la kina, basi, huyalazimisha maji yapate mzunguko mpya, au yaende latitudo nyingine ambako athari ya kuzunguka kwa dunia ni kubwa zaidi au ndogo zaidi, ili hesabu ibaki sawa. Njia ya tatu, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote, ni kutopanda kabisa: kufuata mstari wa kina kilekile.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukilipigia hesabu. Tuseme bahari ina kina cha mita 4,000, latitudo ni nyuzi 45, na maji yana uzito uleule toka juu hadi chini. Mbele yao kuna tuta refu lenye kimo cha mita 400 tu, sehemu moja ya kumi ya kina. Ili nguzo ya maji ivuke tuta hilo bila kujipatia mzunguko mpya, italazimika kusogea hadi mahali ambapo athari ya kuzunguka kwa dunia ni pungufu kwa sehemu moja ya kumi, na mahali hapo ni karibu latitudo ya nyuzi 39 na nusu. Ni safari ya kama kilomita 600 kuelekea ikweta kwa ajili ya tuta la mita 400. Ndiyo sababu, katika bahari za latitudo za kati na za karibu na ncha, ukiweka ramani ya mikondo ya kina kirefu juu ya ramani ya sakafu unakuta mikondo imejipanga sambamba na miteremko.

Turudi kwenye mlima wenu. Umechukua karibu tisa ya kumi ya kina chote, hivyo si kizuizi cha kupuuzwa. Kwa mkondo wa kawaida wa bahari ya wazi, usiofika hata kilomita 2 kwa saa, upana wa kilomita 40 unatosha maji kuuhisi mzunguko wa dunia kabla hayajaumaliza mlima. Yanapoupanda yanapata ule mzunguko wa kinyume cha mishale ya saa, na juu ya kilele hujengeka kofia ya maji inayozunguka taratibu upande huo. Uchore kwenye karatasi. Mzunguko wa namna hiyo huyapeleka maji mashariki upande wa kusini wa mlima, na magharibi upande wa kaskazini. Ongeza mkondo wenu mkuu unaoenda mashariki: kusini viwili vinasaidiana, kaskazini vinapingana. Ndicho hicho mnachokiona injini ikizimwa. Kama mlima uleule ungekuwa kaskazini mwa ikweta, mkondo ukienda mashariki vilevile, upande wenye kasi ungekuwa wa kaskazini.

Naomba tahadhari moja kabla hujamshinda mwenzako kwa hoja hii. Boti iliyozimwa injini inasukumwa na upepo pia, na boti nyepesi yenye kibanda kirefu husukumwa sana. Linganisheni pande zote mbili katika siku za upepo mdogo, au tumieni boya dogo lililofungwa kitambaa kipana kinachoning'inia chini ya maji ili lishikwe na mkondo badala ya upepo. Maboya ya utafiti yanayoelea baharini duniani kote hutundikiwa kitambaa chao kwenye kina cha mita 15 kwa sababu hiyohiyo.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba bahari ni maji ya aina moja toka juu hadi chini, na sivyo. Maji ya joto na mepesi yako juu, ya baridi na mazito yako chini, na kati yao matabaka yanateleza. Utelezi huo hudhoofisha ile nguzo ya Taylor: tabaka la juu linaweza kupita bila kujali sana tabaka la chini linafanya nini. Kwa hiyo ushawishi wa mlima hupanda hadi kimo fulani tu, kisha hufifia, na kimo hicho hutegemea mambo matatu. Mlima mpana hufika juu zaidi kuliko mwembamba. Latitudo ya mbali na ikweta hufika juu zaidi kuliko ya karibu. Na maji yenye tofauti ndogo ya uzito kati ya tabaka na tabaka huruhusu zaidi kuliko yaliyopangika kwa ukali. Kwa mlima wa kilomita 40 kwenye nyuzi 35, makadirio ya kawaida yananipa mita mia kadhaa juu ya kilele. Kilele chenu kiko mita 300 chini ya uso, hivyo uso wenu umo ndani ya eneo la ushawishi, ingawa si kwa nguvu ileile iliyopo chini. Mlima huohuo ungekuwa na upana wa kilomita 5 na kilele kwenye mita 2,000, ningemuunga mkono mwenzako wa kwanza bila kusita. Na karibu na ikweta, ambako kani ya Coriolis inakaribia sifuri, hadithi hii yote inalegea. Huko mlima hupinda mkondo pale tu unapokuwa kizuizi halisi. Uwanda wa Mascarene, ulio chini ya maji katika Bahari ya Hindi, ni mfano mzuri. Uko latitudo za chini, lakini baadhi ya sehemu zake zinakaribia uso, na mkondo unaokwenda magharibi hubanwa kwenye mapengo, hasa lile lililo kati ya Saya de Malha na Nazareth, sehemu mbili pana za uwanda huo zilizoinuka karibu na uso.

Mahali ambapo sakafu hutawala kuliko kote ni kusini kabisa, kwenye Mkondo wa Kuizunguka Antaktika. Huko matabaka hayana tofauti kubwa ya uzito, latitudo ni kubwa, na hakuna bara la kuukata mkondo. Vipimo vilivyochukuliwa katika Mlango wa Drake, ulio kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kati ya 2007 na 2011 vilionyesha wastani wa karibu mita za ujazo milioni 173 kwa sekunde, zaidi ya mara mia ya mito yote ya dunia ikijumlishwa. Kwa kuwa hakuna nchi kavu njiani, mtu angetegemea mkondo huo uwe duara safi. Sivyo kabisa. Ukifika Uwanda wa Kerguelen, ulio chini ya maji kusini mwa Bahari ya Hindi, sehemu kubwa huupita kwa kaskazini. Kusini mwa New Zealand unashika ukingo wa Uwanda wa Campbell na kupanda nao kuelekea kaskazini. Kwenye mgongo wa Pasifiki na Antaktika, yaani safu ndefu ya milima ya chini ya bahari, unabanwa kupita kwenye nyufa za Udintsev na Eltanin. Na ukitoka Mlango wa Drake sehemu yake inakata kaskazini kwa ghafla kando ya ukingo wa Amerika Kusini. Ramani ya njia yake ni ramani ya sakafu.

Kisa hiki kina upande wa pili ninaoupenda zaidi, maana unaonyesha kwamba sakafu hufanya kazi kubwa kuliko kuongoza njia. Upepo wa magharibi huusukuma mkondo huo mwaka mzima, na hakuna pwani ya kuegemea. Kwa nini basi hauongezi kasi bila kikomo? Msuguano wa maji na mchanga wa chini ni mdogo mno kuweza kuuzuia. Mwaka 1951 wanasayansi Walter Munk na Erik Palmén walipendekeza jibu ambalo vipimo vya baadaye na modeli za kompyuta vimeliunga mkono: shinikizo la maji upande wa magharibi wa migongo ya chini ni kubwa kuliko la upande wa mashariki, kwa hiyo mkondo unaisukuma milima, nayo milima inaurudishia msukumo. Msukumo wa upepo usoni mwa bahari unalipwa na miamba iliyo kama kilomita nne chini.

Sasa yule anayesema mlima ni ukuta. Kwa maji ya juu amezidisha, lakini kwa maji mazito yanayotambaa sakafuni yuko sahihi moja kwa moja. Maji hayo hayana nguvu ya kupanda juu ya maji mepesi, kwa hiyo yakikuta mgongo mrefu yanatafuta pengo au yanakwama. Katika Atlantiki ya Kusini maji baridi yatokayo Antaktika huenda kaskazini pande zote mbili za bahari. Upande wa mashariki yanagonga Mgongo wa Walvis, unaotoka pwani ya Namibia kuelekea kusini magharibi, na sehemu kubwa inaishia hapo. Bonde la Angola, lililo nyuma tu ya mgongo huo, ilibidi lingoje maji yazunguke mbali. Yanapita upande wa magharibi kupitia Mfereji wa Vema, yanafika karibu na ikweta, yanavuka Mgongo wa Katikati ya Atlantiki kupitia ufa wa Romanche, ndipo yanarudi kusini. Bonde linajazwa kutoka kaskazini na maji yaliyozaliwa kusini. Safari ya meli ya Ujerumani iitwayo Meteor, mwaka 1925 hadi 1927, ilikusanya vipimo vya joto na kina vilivyosaidia kuielewa njia hiyo, na alama yake ilikuwa ndogo sana: maji ya chini ya Bonde la Angola yana joto zaidi kidogo kuliko jirani zake wa kusini.

Ukuta ukiwa na mlango, mlango nao huwa kipimo cha dunia nzima. Kati ya Greenland na Iceland kuna kizingiti chenye kina cha kama mita 600. Maji mazito ya kaskazini hulivuka tuta hilo kwa kiasi cha takriban mita za ujazo milioni 3 kwa sekunde na kuporomoka upande wa Atlantiki hadi chini ya mita 3,000. Hakuna maporomoko ya nchi kavu yanayokaribia hata kidogo. Hata hapo, kumbuka, maji hayateremki moja kwa moja: kani ya Coriolis huyapindisha kulia yakashuka kwa mshazari, yakiukumbatia mteremko kwa mamia ya kilomita.

Sakafu yenye mabonde na vilele pia huvuruga. Maji ya kupwa na kujaa yanapopita juu ya miteremko huzaa mawimbi ya ndani, yaani mawimbi yanayotembea kwenye mpaka wa matabaka, na yanapovunjika huchanganya maji ya juu na ya chini. Mwaka 1997 vipimo vya Bonde la Brazil, lililo chini ya Atlantiki ya Kusini, vilionyesha kwamba maji yaliyo juu ya sakafu laini hayakuwa yakichanganyika karibu hata kidogo, ilhali juu ya miteremko yenye mikwaruzo ya Mgongo wa Katikati ya Atlantiki mchanganyiko ulikuwa mkubwa. Nalitaja hapa kwa sababu ya mpango wenu wa kupiga mbizi, nitakaourudia sasa hivi.

Swali lako la mwisho: je, ramani ya kina inatosha kubashiri mkondo? Kwa sehemu tu, na ningependa uelewe kinachopungua. Kuroshio, mkondo mkuu wa pwani ya Japani, unatosha kuwa ushahidi. Kusini mwa Japani una njia mbili kuu: moja inayoambaa karibu na pwani, nyingine inayopinda mbali kusini kabla ya kurudi na kuvuka mgongo wa Izu. Mpindo mkubwa ulioanza mwaka 2017 ulidumu zaidi ya miaka 7. Milima ya chini ya pale inahusika katika kuukuza na kuushikilia mpindo huo, lakini haikusogea hata hatua moja wakati mkondo ulipobadili njia. Sakafu inaweka njia zinazowezekana. Ni upepo, nguvu ya mkondo wenyewe na mizunguko mikubwa ya maji inayopita ndivyo vinavyoamua ipi itatumika mwaka huu au wiki hii.

Tatizo la pili ni ramani yenyewe. Sehemu ya sakafu ya bahari iliyopimwa kwa sauti kwa viwango vya kisasa ni kidogo zaidi ya robo tu. Sehemu nyingine zenye rangi nzuri kwenye ramani ni makadirio ya setilaiti, kwa ile njia ya mvutano niliyoieleza, na njia hiyo haioni vitu vyenye upana wa kilomita chache. Januari 2005 nyambizi ya Marekani, USS San Francisco, iligonga mlima wa chini ya bahari kusini mwa Guam ambao haukuwa kwenye ramani iliyokuwa ikitumika. Baharia mmoja alifariki na wengi wakajeruhiwa. Kama nyambizi yenye vifaa vile iliweza kukosa, usiuamini mstari wa kina wa makadirio kwa ajili ya usalama wa boti yako.

Kwa mlima wenu wa kilomita 40 ningependekeza mtumie ramani ya kina pamoja na utabiri wa modeli za bahari unaopatikana bure. Modeli za dunia nzima mara nyingi zina viboksi vya kilomita 8 au 9, kwa hiyo mlima wenu unaingia kwenye viboksi kadhaa na matokeo yatakuwa na maana. Kwa mlima mdogo au mlango mwembamba wa kilomita 2 modeli hizo hazioni kitu, hata kama picha zake kwenye skrini ni nyororo na za kuvutia. Huko vipimo vyenu wenyewe, vilivyoandikwa kwa uangalifu kwa miezi, vina thamani kuliko modeli.

Kuhusu kupiga mbizi kwenye kilele cha mita 25, hapa nabadilisha sauti kabisa. Kila nilichoeleza kuhusu nguzo na kofia za maji ni wastani wa siku nyingi. Kwa latitudo yenu maji yanahitaji karibu siku nzima, saa 21 hivi, kuitikia mzunguko wa dunia. Mkondo wa kupwa na kujaa hubadilika ndani ya saa 6, na juu ya kilele kilicho karibu na uso huongezeka kasi kwa sababu maji yaleyale yanalazimika kupita penye nafasi ndogo. Nyakati za bamvua, yaani za kupwa na kujaa kukubwa, mkondo huo huwa mkali zaidi. Upande mmoja wa kilele maji yanaweza kupanda na upande wa pili yakashuka, na mzamiaji aliyeshikwa na maji yanayoshuka anaweza kuvutwa chini haraka kuliko anavyotambua. Mawimbi ya ndani nayo huleta maji ya baridi ghafla na kubadili mwelekeo wa mkondo ndani ya dakika chache, juu kukiwa kumetulia kabisa. Hakuna ramani ya kina wala jibu la mbali kama hili litakalokuambia kama ni salama kuingia majini saa fulani ya siku fulani.

Kwa hilo mtafuteni ana kwa ana mwalimu wa kupiga mbizi au nahodha aliyewahi kuwashusha watu kwenye kilele hichohicho, si kingine kinachofanana nacho. Mkikosa mtu wa namna hiyo, msiingie majini. Ombeni kwanza ofisi ya haidrografia, yaani ya upimaji wa bahari, ya nchi husika iwaambie kama mahali hapo pamepimwa na lini, na muombeni mtaalamu wa bahari wa chuo au taasisi ya utafiti awasaidie kuweka kipima mkondo juu ya kilele kwa angalau mwezi mmoja, ili kipate bamvua mbili na maji mafu mawili, yaani vipindi vya kupwa na kujaa kudogo. Fanyeni hivyohivyo kama siku moja mtataka kutia nanga kitu cha kudumu pale, kwa mfano boya kubwa au kamba ya chombo cha kupimia. Hesabu ya mzigo wa mkondo kwenye nanga ni kazi ya mhandisi aliyeona vipimo.

Mkienda kumwona mtaalamu huyo wa bahari, mpelekeeni daftari lenye mahali, saa, kina kilichosomwa kwenye kipima kina, mwelekeo na kasi ya kuchukuliwa, nguvu ya upepo, na kama ilikuwa bamvua au maji mafu. Na vile vina mnavyovisoma kila mkipita msivitupe. Shirika la Kimataifa la Haidrografia lina mpango wa kupokea vipimo vya kina kutoka vyombo vya kawaida kama chenu, na huenda mistari yenu juu ya mlima huo ikawa ya kwanza kupimwa kwa sauti.